Umefunga LSD Kwenye Pikapu na Sasa Inalia: Dalili, Vyanzo na Tiba

Pikapu nyingi hapa Mombasa hufungwa LSD (limited-slip differential, yaani difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure) kwa sababu moja: gurudumu moja la nyuma huzunguka bure huku la pili limetulia tuli. Huzunguka bure kwenye mchanga wa ufuo wakati wa kuvuta mashua, kwenye matope ya Kinango masika yakikolea, na kwenye mwinuko wa kivuko cha Likoni siku za bamvua, maji yamekupwa, sakafu imelowa chumvi na nyuma umepakia matumbawe. Difu ya kawaida, yaani zile gia zilizoko katikati ya ekseli, hugawa nguvu sawa kwa magurudumu yote mawili. Lililokosa mshiko haliwezi kupokea nguvu kubwa, kwa hivyo na mwenzake huambulia hicho hicho kidogo. LSD huyabana yasipishane sana kasi, na lenye mshiko likapata cha kusukumia.

Kuifunga ni kazi ya vipimo. Ikifungwa kwa kukisia, au ikafungwa vizuri kisha ikatiwa oili isiyo yake, itaanza kulia. Haya ni kwa aliyekwisha kufunga na sasa ana wasiwasi. Mfano wangu mkuu ni Toyota Hilux yenye difu ya inchi 8, ambayo kichwa chake, yaani kipande chenye gia zote, hutoka kizima kwa mbele kikaenda kufanyiwa kazi mezani. Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 na Nissan Navara zina vipimo vyao, ila dalili ni zile zile. Namba za gari lako zichukue kwenye kitabu cha gari lako.

Inalia lini?

Mwenye gari akija husema, "Fundi, difu inalia." Mwenye pupa huchukua spana papo hapo. Namsihi kila fundi aulize kwanza inalia lini, kwa sababu jibu ndilo litakaloonyesha pa kufungua, au kama kuna haja ya kufungua.

Ikilia kwenye kona za polepole tu, na barabara iliyonyooka ikanyamaza, tazama LSD yenyewe na oili yake. Gari likienda moja kwa moja hakuna kinachosuguana sana ndani ya LSD, kona ndiyo inayoiamsha. Ikilia kwenye barabara iliyonyooka na sauti ikapanda pamoja na kasi, hapo ni kraun (gia kubwa ya mviringo ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoisukuma), au beringi. Ikigonga mara moja unapoachia klachi, au unapotoka gia ya nyuma kuingia ya mbele, kuna mchezo, yaani kulegea, mahali, na mara nyingi mahali hapo hapako ndani ya difu.

Endesha mwenyewe, usitegemee masimulizi. Barabara ya kwenda Mazeras inafaa sana kwa jaribio hili: ukipanda, meno ya kraun yanabeba mzigo upande wa kusukuma; ukiteremka kurudi mjini na mguu umeachia mafuta, yanabeba upande wa pili. Kumbuka sauti ilitoka upande gani. Utaihitaji huko mbele.

Na kabla ya yote, jambo la usalama. Gari lenye LSD usiliwashe na kutia gia ukiwa umeinua gurudumu moja tu. Difu ya kawaida ingezungusha lile la hewani na gari likakaa. LSD itapeleka nguvu kwenye lile lililokanyaga chini, na gari litaruka jeki na wewe uko chini yake. Inua yote mawili, weka stendi chini ya ekseli, zuia ya mbele. Ukiona mtu yeyote gereji anafanya kinyume, mzuie.

Ko-ko-ko kwenye kona za polepole

Hii ndiyo inayoleta watu wengi. Unageuza gari polepole kwenye maegesho, au unazunguka Makupa foleni ikiwa imebana, na nyuma kunatetemeka na kugonga kwa mfululizo. Wengine hudhani ekseli imekatika.

Kwanza ujue umefunga LSD ya aina gani. Ziko za pleti, ambazo ndani zina pleti za chuma na pleti za msuguano zilizopangwa kwa zamu na kubanwa na springi. Ziko za meno ya mshazari, ambazo hazina pleti kabisa. Hubana kwa meno yenyewe kusukumana na ukuta wa kasha. Truetrac ya kampuni ya Eaton ni ya kundi hili la pili. Aina hizi mbili hazitumii dawa moja, na hapo ndipo wengi huanza kuharibu.

Ya pleti inahitaji oili ya GL-5 (daraja la oili ya gia) iliyoandikwa kwamba inafaa LSD, au GL-5 ya kawaida pamoja na dawa ya kulainisha msuguano inayouzwa kwenye kichupa kidogo. Bila dawa hiyo pleti hazitelezi taratibu kwenye kona. Hushikana, zikaachia, zikashikana tena, mara nyingi kwa sekunde, na huko ndiko kugonga unakokusikia. Gari likifanya hivi siku ya kwanza baada ya kufunga, usiifungue difu. Mwaga oili, tia iliyo sahihi, ongeza dawa kidogo kidogo huku ukijaribu, kisha nenda ukazilainishe pleti. Tafuta uwanja mtupu, zunguka namba nane kwa mwendo wa kutembea, kulia na kushoto, kwa dakika 15 au 20. Pumzisha ipoe, rudia. Pleti mpya zinataka kuzoeana, na ikiwa aliyefunga hakuziloweka kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzipanga, zitahitaji muda zaidi. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 mwaga oili hiyo ya kwanza hata kama sauti imekwisha. Imejaa unga wa pleti.

Ya meno ya mshazari haitaki dawa hiyo hata tone. Nguvu yake ya kubana inatokana na msuguano wa meno, na dawa huuondoa. Kwa Truetrac, Eaton wenyewe hushauri oili ya madini ya kawaida, isiyo ya sintetiki. Ikiwa LSD ya aina hii inagonga kwenye kona, msako wako uelekee kwingine: krosi (viungo) za propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, beringi za magurudumu, au hafu shafti, ile inayotoka difu hadi gurudumu, ambayo meno yake hayaketi sawasawa.

Iko sababu ya tatu, ya mpangilio. Pleti zikipangwa kinyume na kitabu, au springi ikawa na nguvu kupita kiasi, gari litagonga kwenye kila kona hata kwa oili nzuri. Hili hupimwa. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine likanyage chini, gia iwe nyutro, hendibreki imeachiwa, injini imezimwa. Zungusha lililo juu kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kuzungusha) kupitia katikati ya habu, usome nguvu inayoanza kulisogeza. Kila mtengenezaji hutoa kipimo chake. Ukipata mara mbili ya kilichoandikwa, fungua. Ukiwa ndani ya kipimo, waachie pleti na oili wamalizane.

Gurudumu moja bado linazunguka bure

Umelipia LSD, umefika ufuoni, na mchanga unarushwa na upande mmoja tu.

Anza kwa kuthibitisha kwamba ni LSD kweli. Difu zilizotumika zinazoshushwa kutoka Japan huuzwa kwa maneno ya muuzaji, na si kila inayoitwa LSD ndiyo. Inua magurudumu yote mawili, zima injini, tia gia ili propela isizunguke, halafu zungusha gurudumu moja kwa mikono. Difu ya kawaida: litakwenda kwa urahisi na mwenzake atakwenda kinyume. LSD ya pleti iliyo nzima: utahangaika, au halitakwenda kabisa. Ya meno ya mshazari itazunguka lakini kwa uzito kidogo. Dakika tano za kupima hivi, kabla pesa hazijabadili mikono, zinafaa kuliko ahadi yoyote ya dukani.

Ikiwa ni ya pleti na inazunguka kirahisi, pleti zimekwisha, springi imevunjika, au mtu alimimina dawa nyingi mno. La mwisho ndilo rahisi: badilisha oili, punguza dawa, jaribu tena kabla ya kuagiza pleti.

Ikiwa ni ya meno ya mshazari, huenda haina kasoro yoyote. LSD hii huzidisha nguvu iliyopo kwenye gurudumu dhaifu. Gurudumu likiwa hewani kabisa nguvu hiyo ni karibu sufuri, na sufuri ukiizidisha inabaki sufuri. Tiba iko mguuni mwa dereva: vuta hendibreki kidogo, au kanyaga breki kwa wepesi, huku ukiongeza mafuta taratibu. Breki itampa gurudumu wa hewani kitu cha kusukumana nacho, na mwenzake ataanza kusukuma. Waeleze madereva wako hili siku ile ile unapowakabidhi gari, maana nimeona watu wakirudisha difu nzima kabisa kwa kukosa maelezo haya tu.

Mluzi unaopanda na kasi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu kraun na pinioni zikiharibiwa haziponi.

Kufunga LSD ni kuhamisha kraun kutoka kasha la zamani kwenda kasha jipya. Pinioni, usipoigusa, inabaki mahali pake na kina chake hakibadiliki. Kinachobadilika ni umbali kati ya kraun na pinioni, yaani mchezo wa meno, na mbano wa beringi za pembeni. Kwa Hilux ya inchi 8 mchezo wa kawaida ni milimita 0.13 hadi 0.18, na huwekwa kwa zile ringi mbili za kurekebisha zilizoko kushoto na kulia. Unapimwa kwa daili geji, ile ya saa yenye mshale. Kuna wanaoupima kwa kutikisa kraun kwa kidole na kusikiliza. Kidole hakiwezi kutofautisha 0.15 na 0.30, lakini gari likifika kilomita 80 kwa saa litatofautisha.

Kuna jambo ambalo haliandikwi mara nyingi. Ikiwa kraun na pinioni ni zile zile za zamani, upime mchezo wake kabla ya kuzifungua, uandike, na uurudishe ulivyokuwa. Meno yaliyofanya kazi pamoja kwa miaka yameshalana kwa umbali ule. Ukiyarudisha kwenye kipimo cha kiwandani, huenda ukapata mluzi ambao haukuwapo asubuhi.

Ikiwa hukupima na sasa kuna mluzi, toa kichwa cha difu, paka meno machache ya kraun rangi ya kupimia, zungusha huku mwenzako akiizuia kraun kwa kipande cha mbao ili iwe na mzigo, kisha usome alama. Alama nzuri huketi katikati ya jino. Ikiwa imesogea ncha ya nje ya kraun, mchezo ni mkubwa: sogeza kraun karibu na pinioni. Ikiwa imekaa ncha ya ndani, mchezo ni mdogo: iondoe. Ikiwa iko juu kabisa kwenye kilele cha jino, pinioni iko mbali na inataka shimu (kibati cha kujazia nafasi) nene zaidi. Ikiwa imezama kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno na shimu ipunguzwe. Hali hizi mbili za mwisho zinamaanisha kutoa pinioni, na usikubali mtu akwambie zitarekebishwa kwa ringi za pembeni.

Sasa ile kumbukumbu ya njia ya Mazeras. Mluzi wa kupanda mlima tu huelekeza kwenye uso wa kusukuma wa meno. Mluzi wa kuteremka tu, mguu ukiwa umeachia mafuta, huelekeza kwenye uso wa pili, na mara nyingi kwenye nati ya pinioni iliyolegea. Mvumo mzito usiojali mlima wala mteremko, ulio ule ule ukikanyaga au ukiachia, huwa ni wa beringi. Uvumao zaidi ukipinda kushoto au kulia kwa mwendo wa kasi ni wa beringi ya gurudumu, na hiyo haihitaji hata kugusa difu.

Chanzo kingine cha mluzi, hasa wa kupanda na kushuka kwa mawimbi, ni kraun iliyoketi upande. Uchafu mdogo kati ya kraun na kasha, au ukingo wenye kovu, unatosha. Kraun haivutwi mahali pake kwa kukaza bolti. Husafishwa, huchemshwa kwenye maji yanayotokota hadi karibu nyuzi 100, hukaushwa, ikaingia yenyewe kwa upole, na bolti zikakazwa kwa mkingamo, hatua kwa hatua, kwa toki renchi. Kwa difu hii ya Hilux kipimo cha bolti za kraun ni Nm 97. Baada ya hapo weka daili geji mgongoni mwa kraun uizungushe: ikiyumba kupita milimita 0.1 irudishe chini uisafishe tena.

Inagonga mara moja ukiondoka

Iache difu kwanza. Ingia chini ya gari, shika propela, izungushe mbele na nyuma kwa mkono. Krosi zilizokwisha utaziona zikicheza. Tazama yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi: wakati wa kufunga LSD baadhi ya watu huzilegeza, na zisiporudiwa baada ya kilomita chache ekseli husogea na kugonga. Tazama senta bolti ya springi, na bolti nne za propela. Propela nayo irudi kwenye alama ile ile iliyotokea. Kama haikuwekewa alama na ikarudi kinyume, utapata mtetemo wa kasi ambao watu watausingizia difu.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo uhesabu meno ya hafu shafti na ya LSD. Hilux nyingi za inchi 8 zina hafu shafti ya meno 30. Shafti ya zamani iliyolika meno, ikiingia kwenye LSD mpya, hucheza na kugonga hadi itafuna na LSD yenyewe.

Joto na harufu ya kuungua

Difu iliyobeba mzigo hadi Mariakani na kurudi itakuwa ya moto, hilo si kosa. Kosa ni harufu kali ya oili iliyoungua baada ya safari fupi bila mzigo.

Chanzo cha kwanza ninachokitafuta kipo nje kabisa: matairi. Chukulia tairi jipya upande mmoja na lililolika upande wa pili, tofauti ya kina cha mistari milimita 6. Kwa kila mzunguko yanapishana karibu milimita 38. Tairi la pikapu huzunguka zaidi ya mara 400 kwa kilomita, kwa hivyo yanapishana kama mita 15 kila kilomita. Hadi Mariakani, kilomita kama 35, matairi yamepishana nusu kilomita nzima na pleti zimesuguana njia yote, kwenye barabara iliyonyooka ambako hazikupaswa kusuguana hata kidogo. Difu ya kawaida ingevumilia hali hiyo miaka. LSD ya pleti itaungua. Matairi ya nyuma yawe ya saizi moja, aina moja, umri unaokaribiana, na upepo sawa. Tairi la akiba dogo lisikae nyuma zaidi ya safari ya kwenda kwa muuza matairi.

Kisha kiwango cha oili. Simamisha gari mahali tambarare, fungua bolti ya kujazia. Oili ifike kwenye mdomo wa tundu. Na desturi nzuri: fungua ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Iliyoshikwa na kutu ya chumvi ikikataa kufunguka baada ya kumwaga oili yote, gari halitoki gereji.

Joto likiwa kali zaidi kwenye shingo ya difu, pale propela inapofungwa, fikiria beringi za pinioni zilizobanwa mno. Hutokea sana baada ya kubadilisha sili ya pinioni. Nyuma ya ile nati kuna kola laini inayobonyea kulingana na ulivyokaza, na ikishabonyea hairudi. Mtu akikaza kwa bunduki ya hewa, beringi hubanwa kupita kiasi. Kwa difu hii, mzunguko wa pinioni peke yake uwe Nm 1.0 hadi 1.6 kwa beringi mpya, na 0.5 hadi 0.8 kwa zilizotumika. Umepitiliza? Kola mpya, hakuna njia ya mkato.

Oili inavuja, au imebadilika rangi

Kipumulio cha ekseli ni kitu kidogo kilichoko juu ya hausingi (ganda la ekseli), na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani hupanuka. Kipumulio kikizibwa na matope au kutu ya chumvi, hewa hutafuta njia kupitia sili, na oili huifuata, mara nyingi ikaingia kwenye drami na kulowesha breki. Ukiona sili imevuja upande mmoja, safisha kipumulio kabla ya kununua sili, la sivyo utainunua tena mwezi ujao.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtu ametoka Kongowea na mzigo, ekseli imechemka, anarudisha trela ufukweni kushusha mashua, na magurudumu ya nyuma yanaingia baharini. Ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kupitia kipumulio au sili kuukuu inavuta maji ya chumvi ndani. Siku chache baadaye oili inatoka rangi ya chai ya maziwa. Kwa difu ya kawaida hilo ni tatizo. Kwa LSD ya pleti ni dharura, kwa kuwa pleti za chuma hupata kutu ya vidonda, na za msuguano huweza kuachia tabaka lake. Mwaga siku hiyo hiyo, jaza oili ya bei nafuu ya GL-5, tembea mwendo mfupi, mwaga tena, kisha tia ile ya kudumu. Maji yakiwa yamekaa wiki, fungua ukaangalie pleti kwa macho.

Kinga yake ni mpira mrefu. Toa kipumulio, unganisha bomba la mpira, lipandishe hadi karibu na kifuniko cha tangi la mafuta au nyuma ya taa, lielekee chini. Na kabla ya kuingia majini, ngoja ekseli ipoe. Kwa gari la pwani hii naona bomba hilo ni sehemu ya kazi ya kufunga LSD, si nyongeza.

Mkia unateleza mvua ikinyesha

Hii ni tabia ya LSD, na mwenye gari anastahili kuambiwa kabla ya kulipa. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Kwa difu ya kawaida, ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji gurudumu moja huteleza na la pili hushikilia mkia. Kwa LSD yanaweza kuteleza yote mawili, na mkia ukatoka. Mvua za kwanza, barabara ya Kibarani ikiwa na oili ya malori iliyokaa kiangazi kizima, ndizo hatari zaidi. Mkia ukitoka hata kwa mguu mwepesi, pima nguvu ya mbano kama nilivyoeleza juu, na upime upepo wa matairi. Ukiwa ndani ya kipimo, kinachobaki ni mwendo wa dereva.

Gari zito na linagoma ukitia 4WD

Ulinunua kichwa kizima cha difu chenye LSD? Hesabu meno. Kraun 41 kwa pinioni 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3, 43 kwa 11 ni karibu 3.9. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zisipolingana, gari litakwenda vizuri kwenye magurudumu mawili, na siku utakapotia 4WD kwenye ardhi ngumu ekseli zitavutana hadi kitu kikatike. Ikiwa hutaki kufungua, inua magurudumu mawili ya nyuma, gia nyutro, yazungushe pamoja mzunguko mmoja kamili na uhesabu mizunguko ya propela. Na kama gari lako lilikuja na difu yenye loki ya umeme kutoka kiwandani, hausingi yake ni tofauti. Kichwa cha kawaida hakikai bila kurekebishwa.

Taa ya ABS imewaka

Mara nyingi ni sensa au waya wake ulioguswa wakati hafu shafti zinatolewa, au ringi yenye meno iliyoko kwenye shafti imepata pigo. Safisha, tazama waya, rudisha. Haina uhusiano na LSD.

Chuma kwenye sumaku

Unapomwaga oili ya kwanza, futa sumaku ya bolti ya kumwagia kwenye karatasi nyeupe uiweke juani. Uji laini wa kijivu usiokwaruza kidoleni ni unga wa pleti na meno yanayozoeana, endelea. Vipande bapa vinavyong'aa ni ganda la beringi au uso wa jino unaobanduka. Usiliendeshe tena, toa kichwa. Kipande chenye kona, hata kimoja cha ukubwa wa punje ya mtama, ni jino lililovunjika au kichwa cha bolti, na mwenzake bado yumo humo ndani. Mtafute mpaka umpate kabla ya kutia oili mpya.